Nilitibiwa Kisonono na Klamidia: Je, Nitapata Saratani ya Mlango wa Kizazi?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 36 na watoto watatu. Miaka ya nyuma niliugua klamidia, kisha kisonono, na mara zote mbili nilimaliza dawa nikapona. Hivi karibuni rafiki yangu ameniambia kwamba mwanamke aliyewahi kupata magonjwa ya zinaa kizazi chake huoza polepole hadi kikageuka saratani, na tangu siku hiyo sipati usingizi. Sina maumivu wala sitokwi na damu isiyo ya kawaida. Mume wangu anasema kwa kuwa sina dalili, nisijitafutie ugonjwa kwa kwenda kupima. Je, ni kweli? Na nikipima nikakutwa na virusi vinavyosemekana kuleta saratani hiyo, nitamweleza nini?

JIBU: Dada yangu, kizazi hakiozi kwa sababu ya ugonjwa uliotibiwa ukapona. Kisonono na klamidia huletwa na bakteria, ambao huuawa kwa antibiotiki; yakiachwa bila tiba, magonjwa hayo huweza kuacha makovu katika mirija ya uzazi na kusababisha ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ina chanzo kingine. Karibu visa vyake vyote hutokana na virusi vya papiloma, vinavyojulikana zaidi kwa herufi HPV, ambavyo navyo huambukizwa kwa kujamiiana, na hapo ndipo rafiki yako alipochanganya mambo. Aina za virusi hivyo ni zaidi ya 200, lakini zenye uwezo wa kuleta saratani hii ni chache, na mbili kati ya hizo, aina ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya visa duniani.

Hata hivyo, simlaumu moja kwa moja. Klamidia na tutuko la sehemu za siri (herpes) huhusishwa na ongezeko la hatari kwa mwanamke ambaye tayari ana HPV, kama ilivyo pia kwa uvutaji wa sigara. Lakini watu wengi waliowahi kujamiiana hupata HPV wakati fulani maishani, wakiwamo wasiowahi kuugua kisonono hata siku moja, na kwa walio wengi mwili huvishinda virusi hivyo wenyewe katika muda wa miaka 2 hivi. Hatari iko kwa mwanamke ambaye virusi vimeng'ang'ania mwilini mwake, kwa sababu chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika kidogo kidogo, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, safari hiyo huweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10.

Ni kwa sababu ya miaka hiyo mingi ya ukimya kwamba siwezi kukubaliana na mumeo. Mabadiliko ya awali hayaumi wala hayatoi damu. Damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu ya nyonga yanapotokana na saratani hii, mara nyingi ugonjwa umekwisha kupiga hatua. Mwanamke anayesubiri dalili ndipo apime anaipoteza nafasi bora kuliko zote aliyokuwa nayo, na jambo hilo hunisikitisha sana, kwa kuwa katika hatua ya awali tiba ni nyepesi: sehemu iliyobadilika huondolewa kwa tiba mgando, yaani kuigandisha kwa baridi kali, au kwa joto, kazi ya dakika chache ambayo kwa kawaida haihitaji kulazwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke aanze kupimwa HPV akiwa na miaka 30, kisha arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25 na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wewe umekwisha kuufikia umri huo, kwa hiyo ungepaswa kupimwa hata kama usingewahi kuugua chochote. Sampuli unaweza kuichukua mwenyewe ukeni kwa kijiti chenye pamba, ukielekezwa na mhudumu. Mahali pasipo na kipimo hicho, mhudumu hupaka asidi ya asetiki, ambayo ni kama siki iliyopunguzwa makali, na sehemu yenye mabadiliko huonekana nyeupe.

Ama kuhusu mumeo, mweleze mapema, kabla ya kupima, kwamba HPV huweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi. Majibu hayawezi kuonyesha ni nani aliyemwambukiza mwenzake wala ni lini, kwa hiyo yasitumike kama ushahidi wa usaliti, si dhidi yako wala dhidi yake. Kondomu hupunguza maambukizi, lakini haiyazuii kabisa, kwani virusi huweza kuwa kwenye ngozi isiyofunikwa.

SWALI: Ninaishi na VVU na ninatumia dawa vizuri. Binti yangu wa miaka 12, ambaye hana VVU, anatakiwa kuchanjwa dhidi ya HPV, lakini bibi yake anasema chanjo itamharibia uzazi. Nifanye nini?

JIBU: Mama, mruhusu achanjwe. Chanjo hiyo haina virusi hai, haiharibu uzazi, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla binti hajaanza kujamiiana. Kwa umri wake, dozi 1 au 2 zinakubalika kulingana na utaratibu wa mahali mlipo. Akishakuwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa, kwa kuwa chanjo haikingi aina zote. Nawe, siku utakayompeleka, omba upangiwe tarehe ya kipimo chako.