Nani Anaruhusiwa Kuongoza Shule za Wilaya Nzima Marekani?

Barua nyingi mwezi huu zimemhusu suparintendenti, yaani mkuu wa shule zote za umma katika wilaya moja ya shule huko Marekani. Nimechagua tano.

Huku kwetu Afisa Elimu huletwa na serikali. Huko suparintendenti huwekwa na nani? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, kwa kawaida huajiriwa na bodi ya shule ya wilaya, na wajumbe wa bodi mara nyingi huchaguliwa kwa kura. Elimu ni kazi ya majimbo, kwa hiyo kila jimbo lina masharti yake. Florida ina wilaya 67 za shule, na katika zaidi ya nusu yake wananchi humpigia kura suparintendenti mwenyewe.

Nilifundisha miaka minane Mombasa na nina shahada ya uzamili. Naweza kuomba leseni ya suparintendenti? (Msomaji, Buffalo)

Inawezekana, dada, lakini jiandae kwa safari ndefu. Jimbo lako la New York linadai saa 60 za muhula (kipimo cha masomo ya chuo, si saa za ukutani) za masomo ya baada ya shahada ya kwanza (uzamili wako unahesabiwa humo), mafunzo ya uongozi wa wilaya, mtihani wa jimbo na uzoefu wa miaka mitatu shuleni. Peleka vyeti vyako vya Kenya vikafanyiwe tathmini kabla hujalipa ada ya chuo chochote. Kisha uliza kwa maandishi kama miaka yako ya Mombasa itahesabiwa. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya maombi.

Mbona wakubwa wengine hupewa kazi bila kusomea? (Baba wa watatu, New York)

Kwa sababu sheria ina mlango wa msamaha. Mwaka 2002 Meya Michael Bloomberg alimweka wakili Joel Klein juu ya shule za Jiji la New York, zenye wanafunzi zaidi ya milioni moja, na kamishna wa elimu wa jimbo akamwondolea masharti. Mwaka 2010 meya huyohuyo akamleta Cathie Black, aliyetoka kwenye biashara ya majarida. Wazazi walipinga vikali. Kamishna alikubali baada ya kuahidiwa kwamba chini ya Black atawekwa mtaalamu wa masuala ya masomo. Black alianza Januari 2011, na Aprili akawa ameondoka. California imekwenda mbali zaidi: bodi ya wilaya yenyewe inaweza kumwondolea mkuu wake sharti la leseni.

Mimi sipingi msamaha wenyewe. Ninachopinga ni mwalimu wa kawaida kusimamishwa kazi kwa kukosa cheti kimoja huku bosi wake akisamehewa vyote. Anayesamehewa atajwe sababu zake hadharani, wazazi wazisikie.

Mkuu wetu alikuwa na leseni, kisha akakamatwa. Leseni ilikagua nini? (Mama, Des Moines)

Pole, mama. Najua watoto wengi walimpenda. Ian Roberts, suparintendenti wenu wa Des Moines, jimbo la Iowa, na mzaliwa wa Guyana, alikamatwa na maafisa wa uhamiaji Septemba 2025. Walisema amri ya kumwondoa nchini ilikuwa imetolewa mwaka 2024. Ikaonekana pia kwamba shahada ya uzamivu aliyowahi kuandika kwamba aliipata Chuo Kikuu cha Morgan State hakuipata; chuo chenyewe kilisema hivyo. Jimbo la Iowa likamnyang'anya leseni, naye akajiuzulu.

Leseni na ajira ni vitu viwili. Jimbo huangalia masomo na rekodi ya jinai. Kibali cha kufanya kazi nchini hukaguliwa na mwajiri, ambaye hapa ni wilaya. Na ukweli wa shahada huthibitishwa kwa kukiuliza chuo, si kwa kusoma wasifu. Hilo ni jambo la simu moja, na mimi naliona ni uzembe lisipofanywa.

Bodi yetu inatafuta mkuu mpya. Kiingereza changu ni kidogo. (Mzazi, Texas)

Nenda hivyohivyo. Vikao vya bodi kwa kawaida viko wazi kwa umma. Kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, wilaya zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla. Vyeti vya waelimishaji wa Texas unaweza kuvitafuta mtandaoni bila malipo kwa jina la mtu. Ukipewa nafasi ya kusema, uliza matatu: ana cheti cha suparintendenti au ameombewa msamaha? Nani amethibitisha shahada zake? Na mara ya mwisho kusimama mbele ya darasa ilikuwa lini?