Ukitaka Udaktari wa Ubongo, Usingoje Kwanza Kujiamini

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msichana wa Faza, kule visiwa vya Lamu, yuko kidato cha nne. Anataka kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, hesabu zinamtoa jasho, na mwalimu mmoja ameshamwambia atafute kozi nyepesi. "Dada, nitajuaje kama naweza?" Nilimjibu kwa ufupi maana nilikuwa zamu. Jibu lenyewe ni refu, na najua wengi mnaosoma hapa mnalo swali hilohilo, ila mnaona haya kuliuliza.

Mimi ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, mzaliwa wa Lamu, kazi yangu iko Malindi. Daktari wa ubongo siye, wala sijidai. Lakini kuna mmoja niliyemfuatilia tangu nikiwa mwanafunzi: Alexa Canady, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Lansing, Michigan, mwaka 1950. Mwaka 1981 alimaliza mafunzo ya upasuaji wa ubongo Chuo Kikuu cha Minnesota, na hakukuwa na mwanamke mweusi Marekani aliyekuwa amefika hapo kabla yake.

Watu wakimsimulia huanzia hapo na kuishia hapo. Wa kwanza, makofi, basi. Mimi hunivutia zaidi ya nyuma. Akiwa darasa la pili alipata alama za juu mno kwenye mtihani wa kusoma, mwalimu wake akaona haifai mtoto yule kufaulu vile, akadanganya kuhusu alama zipi ni zake. Mwalimu huyo baadaye alifutwa kazi. Chuo kikuu alianza na hesabu, imani ikamwisha kabisa, nusura aache masomo. Na hakuokolewa na hotuba ya mtu. Alipata nafasi ya likizo kwenye programu ya kuwavuta wanafunzi weusi katika fani ya afya, akaingia maabara ya jenetiki, na humo humo moyo ukatulia. Akahamia zuolojia, elimu ya wanyama, akapata shahada mwaka 1971, na 1975 akawa daktari.

Hebu angalia mpangilio wake. Aliingia kwanza, kujiamini kukamfuata huko ndani. Kwa hiyo, mdogo wangu, kaa karibu na kazi.

Mimi nilipokuwa mafunzoni, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, inchaji, muuguzi msimamizi wetu, alinitazama buibui langu siku ya kwanza akasema mbele ya wenzangu, "Wa Lamu huyu, mwaka hauishi atakuwa ameolewa." Wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka roho hunifukuta, na miaka imepita. Wenzangu walipelekwa thieta, mimi nikapelekwa kliniki ya watoto nikapime uzito na vichwa. Ilikuwa adhabu, alijua na nilijua.

Kumbe alinipeleka kwenye bahati yangu. Asubuhi moja akaja mama aliyevuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, akapanda basi, mtoto amemfunika kichwa kwa leso. Aliambiwa kichwa kikubwa ni dalili ya akili nyingi. Nilipoifungua ile leso nikaona ngozi imevutika mpaka inang'aa, mishipa imechoreka juu yake, utosi umetuna na ukiugusa ni mgumu. Macho yalikuwa yameelemea chini, weupe unaonekana juu ya mboni. Nikazungusha utepe juu ya nyusi hadi kisogoni, nikarudia, nikamwita daktari. Kichwa maji. Ndani ya ubongo maji hutengenezwa mchana na usiku, kwa mtu mzima kama nusu lita kwa siku, na huhitaji njia ya kutokea. Njia ikiziba, yanajikusanya, na kwa kuwa fuvu la mtoto mchanga halijafunga, kichwa kinapanuka.

Jioni ile nikatafuta habari za tiba yake, na ndipo nilipokutana na jina la Canady. Alikuwa daktari wa ubongo wa watoto. Watoto kama yule huwekewa mrija wa kuyatoa yale maji, chini ya ngozi, kutoka ndani ya ubongo hadi tumboni, wenye vali ya kupunguza kasi yake. Tatizo ni kwamba mtoto akiketi au akisimama, maji yanaweza kuvutwa chini kwa kasi kupita kiasi. Canady akishirikiana na wenzake walibuni kifaa cha kuzuia mvuto huo, ambacho daktari anaweza kukirekebisha. Nilisoma mpaka taa zikapotea.

Na yeye alitukanwa, msidhani. Siku yake ya kwanza hospitalini Yale-New Haven, mkubwa mmoja alipita akamwambia jambo lenye maana kwamba ameletwa kujaza nafasi za upendeleo. Hakumjibu. Alipokuwa hospitali ya watoto ya Philadelphia, madaktari wenzake walimpigia kura kuwa miongoni mwa walio bora. Mwaka 1987 akawa mkuu wa upasuaji wa ubongo Hospitali ya Watoto ya Michigan, Detroit. Alihofu wagonjwa watamkimbia. Wazazi wakaangalia anavyowatunza watoto wao, wakajaa.

Mimi pia sasa madaktari huuliza zamu yangu ni lini kabla ya kupanga upasuaji mgumu. Yule inchaji sijui yuko wapi. Natumaini anasoma hapa.

Sasa nyinyi mnaongoja mjisikie tayari, mtangoja mpaka meno yang'oke. Nenda zahanati ya karibu siku ya chanjo, omba kumsaidia sista kuandika kadi. Jifunze kupima kichwa cha mtoto. Hesabu zifanye kila siku, hata mbili tu, na biolojia usiiachie. Kaa karibu na kazi, nasema tena. Anayekaa mbali anasikia tu ya watu, na ya watu hayana mwisho. Canady mwenyewe alistaafu 2001 akahamia Pensacola, Florida, akakuta hapana daktari wa ubongo wa watoto, akarudi kazini, ila si kwa muda kamili, mpaka 2012. Kazi ilikuwa pale na yeye yuko pale, angefanyaje?

Na nyinyi wazazi wa kwetu mnaosema binti wa sayansi atachelewa kuolewa: Canady aliolewa 1988, mwaka mmoja baada ya kupewa ukuu wa kitengo. Mahari sijui ilikuwa ngapi.