Ekzosi ya boti: bomba jembamba, moshi mweusi

SWALI: Boti yangu ina dizeli ya ndani. Nilibadilisha mpira wa ekzosi wa inchi 3 nikaweka wa inchi 2. Sasa inatoa moshi mweusi na haifiki mizunguko yake. Tatizo nini?

JIBU: Umeikaba koo. Tundu la inchi 2 halifiki hata nusu ya eneo la inchi 3, hivyo moshi unarudi nyuma na injini inakosa hewa. Rudisha inchi 3 kuanzia elbo (kona ya bomba inayotoka kwenye injini) hadi tezi, yaani nyuma ya boti. Nunua mpira wa ekzosi ya baharini wenye waya ndani. Ule wa rejeta huungua mara pampu ya maji ikigoma. Uteremke sentimita 4 kila mita, usiwe na tumbo la kutuamisha maji. Kila ncha ifunge klipu mbili za stenlesi. Zipime kwa sumaku, hasa skrubu: ikinata sana, itashika kutu, iache dukani.

Kabla ya kufunga, chungulia elbo, maana chumvi na masizi huiziba. Na kama maji ya kupoozea yanaingia kwenye ekzosi chini ya sentimita 15 juu ya usawa wa bahari, weka valvu ya kuvunja mvuto (huingiza hewa ili maji yasijivute yenyewe injini ikizimwa), la sivyo maji yatajaa silinda boti ikiwa imetia nanga.