Kwa Mwalimu Anayekwenda China Kufundisha Kiswahili kwa Mara ya Kwanza

Ukipata nafasi ya kwenda kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha China, wengi watakuambia kwamba kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa lugha unayo tangu utotoni. Nami niliambiwa hivyo kabla ya kuondoka Dar es Salaam, nikaamini. Baada ya miaka sita ya kufundisha katika vyuo viwili, kimoja kaskazini na kingine kusini, ninakuomba uliondoe wazo hilo kichwani kabla hujafunga sanduku. Mwanafunzi utakayemkuta hana mtaa wala soko la kusikilizia Kiswahili. Saa chache za wiki anazokaa nawe ndizo mtaa wake na soko lake, na zikipotea hana mahali pa kuzifidia. Karibu kila ninachokueleza hapa, hata habari za vibali na baridi, ninakieleza kwa ajili ya saa hizo.

Anza na karatasi, na uanze mapema. Shahada yako, barua za uzoefu wa kazi na cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu vinahitaji kuthibitishwa, na mlolongo huo hula wiki nyingi. Kwa walimu wa lugha, taratibu za China kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka miwili, na kwamba lugha unayofundisha iwe ile uliyokulia nayo; ndiyo sababu Mtanzania au Mkenya anayekwenda kufundisha Kiswahili husimama mahali imara, ilhali yule aliyeahidiwa na wakala kazi ya kufundisha Kiingereza huweza kufika na kukuta hana njia ya kupata kibali. Usikubali kuingia kwa visa ya utalii kwa ahadi kwamba mambo yatarekebishwa ukishafika. Visa ya kazi ni ile ya daraja Z. Ukiingia nayo unatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 ikiwa hukufikia hotelini, kisha uombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Kibali cha kazi kimefungamana na mwajiri aliyeandikwa humo, kwa hiyo masomo ya ziada ya kulipwa mahali pengine, hata ukiombwa kwa upole na mzazi mwenye shida ya kweli, yanaweza kukufanya ufukuzwe nchini.

Majina yako matatu yaandikwe kwa mpangilio uleule wa pasipoti kila mahali, kuanzia benki na laini ya simu hadi tiketi ya treni na mkataba. Mashine za huko hazijui kwamba Juma Hamisi na Hamisi Juma ni mtu mmoja, na mwenzangu mmoja alikaa mwezi mzima bila kuweza kupokea mshahara kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kusafiri, jisajili WeChat, programu ya simu ya Kichina ya ujumbe na malipo, ungali nyumbani, na uwafundishe mzazi, mke au mume wako kuitumia, kwa maana WhatsApp haifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China. WeChat ndiyo njia ya kulipia nyanya sokoni kwa kuskani msimbo, na ndiyo pia mahali ambapo idara yako itatoa matangazo yake yote.

Hayo matangazo ndiyo yaliyoniumiza kuliko kitu kingine chochote katika mwaka wangu wa kwanza. Chuo cha China hakihesabu muda kwa tarehe kama tulivyozoea, bali kwa wiki za muhula: wiki ya 1, ya 2, hadi ya 16 au zaidi, na baadhi ya vipindi hufundishwa wiki za witiri tu au za shufwa tu. Tena zipo siku za kufidia. Sikukuu ya Taifa, inayoanza tarehe 1 Oktoba, huwapa watu mapumziko marefu, lakini baadhi ya siku hizo hulipwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili iliyo karibu, kwa kufuata ratiba ya siku iliyoazimwa. Mimi nilikuwa nimelala Jumapili moja ya mwisho wa Septemba huku wanafunzi wangu kumi na wanane wakinisubiri darasani kwa kipindi cha Jumanne. Tangazo lilikuwapo, kwa Kichina, katikati ya ujumbe mwingine zaidi ya mia. Wanafunzi hawakulalamika hata kidogo, na ukimya wao ulinisikitisha kuliko lawama.

Tangu siku hiyo, wiki ya kwanza ya kila muhula ninaomba kalenda ya chuo kwa katibu wa idara na kuketi nayo pamoja na kiranja wa darasa, yule wanayemwita banzhang. Kiranja wa China ana kazi nzito kuliko wa kwetu, maana yeye ndiye kiungo kati ya idara, walimu na wenzake, na ukishirikiana naye vizuri mambo mengi hunyooka yenyewe. Nimemzoesha kila kiranja kuniandikia kila badiliko kwa Kiswahili, hata kwa sentensi moja. Kwa njia hiyo mimi sipotezi kipindi, na yeye anajifunza kuandika tangazo.

Sasa tuingie darasani. Wanafunzi watakaokuamkia hawakuchagua wote Kiswahili kwa moyo. Wapo waliopangiwa baada ya alama za mtihani wa taifa, ule wa Juni, kutotosha kwa somo walilolitaka. Usiwahukumu kwa hilo. Nimeona msichana aliyelia wiki ya kwanza akawa ndiye anayesoma gazeti la Kiswahili bila kamusi mwaka wa tatu. Watakuomba uwape majina ya Kiswahili, na hapo usifanye haraka. Muulize kila mmoja maana ya jina lake la Kichina, kisha tafuta jina linaloikaribia, kwa kuwa atalibeba hadi Zanzibar au Nairobi siku akipelekwa kusoma huko, na halipaswi kuwa jina la kuchekwa.

Ugumu wao wa kwanza ni wa sauti, na ni vema uujue chanzo chake ili usiwachoshe kwa kurudiarudia tu. Kichina cha kawaida hakitofautishi b na p kwa mtetemo wa nyuzi sauti kama sisi, bali kwa mpumuo; mwanafunzi husikia bata na pata kama neno moja, na vivyo hivyo goti na koti. Mweleze aweke vidole kooni na asikie mtetemo wa b, kisha aweke kiganja mbele ya mdomo. R yetu ya kupigapiga ulimi hawana, na wengi huweka l mahali pake, hivyo mtu anayeuliza habari za mahari anaweza kueleweka kwamba anauliza mahali. Mimi huwapa dakika tano za jozi kama hizo kila kipindi kinapoanza, mwaka mzima wa kwanza, na sijapata njia bora zaidi.

Baada ya sauti linakuja swali ambalo kuzungumza lugha hakutakusaidia kulijibu: kwa nini? Kwa nini kitabu hiki lakini daftari hili, kwa nini amekuja mtu lakini kimekuja kiti, kwa nini kiboko hakipewi ki- tunaposema kiboko amelala? Nilipoulizwa hilo la mwisho nilijibu kwamba ndivyo tunavyosema, na nikaona kalamu zikisimama. Wamelelewa katika shule ambako kila jibu lina sababu yake, na wanaandika kila unachosema. Basi nenda na kitabu kizuri cha sarufi, usome ngeli na upatanisho wake upya kama anayejiandaa kwa mtihani, uandae azimio la kazi la muhula mzima kabla ya kupanda ndege. Tumia pia kilichomo katika lugha yao. Kichina kina maneno ya kuhesabia yanayobadilika kulingana na kitu, moja kwa vitabu, jingine kwa meza na karatasi. Ukianzia hapo, wazo la ngeli halitawatisha. Hesabu nazo zina mtego wake: wao hupanga namba kubwa kwa makumi elfu, kwa hiyo laki moja kwao ni kumi ya makumi elfu, na bei za shilingi huwachanganya mpaka wazoee. Kuhusu saa, eleza mapema na kwa saa ya ukutani. Niliwahi kuwaambia tukutane saa mbili asubuhi, na nusu yao hawakutokea kabla ya saa nane mchana.

Usichukulie ukimya wa darasa kuwa ni uvivu. Mwanafunzi anaogopa kukosea mbele ya wenzake, na ukimsahihisha kwa sauti kubwa kila anapofungua kinywa, atakifunga. Waache wazungumze wawiliwawili kwanza, wewe ukipita kati yao, ndipo uwaite mbele. Insha ziandikwe darasani, kwa mkono, kwa sababu zinazoandikwa bwenini siku hizi hutafsiriwa na simu.

Walimu wenzako Wachina wastahi sana. Kiswahili kinafundishwa nchini humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Radio Peking ilianza kutangaza kwa lugha yetu mwaka 1961, kwa hiyo utakutana na watu waliorithi kazi ya vizazi kadhaa. Kwa kawaida wao hufundisha sarufi na tafsiri, nawe hupewa mazungumzo, usikilizaji na uandishi. Mkitofautiana juu ya neno, zungumzeni ofisini, kamwe si mbele ya wanafunzi. Ukiomba jambo ukaambiwa kwamba litaangaliwa, au kwamba kidogo si rahisi, umekwisha kukataliwa. Sisi wenye kusema “tutaona” tunaielewa lugha hiyo. Darasani usihubiri dini, na mijadala ya siasa ya nchi yao waachie wenyewe.

Kuhusu nyumba na chakula sina mengi. Beijing hupata joto la mabomba kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, na wiki mbili kabla ya hapo ndizo ngumu kuliko Januari yenyewe. Kusini ya mto Huai, unaotenganisha kaskazini na kusini ya China, kwa kawaida mabomba hayo hayapo, hivyo nunua blanketi la umeme. Koti nunua hukohuko. Muislamu atafute migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo mingi ni ya Wahui, kabila la Wachina Waislamu, na aulize kama chuo kina bwalo la halali. Unga wa mahindi unauzwa madukani, na ugali wake unasongeka.

Mwisho wa muhula utatakiwa kutunga mitihani miwili yenye uzito sawa, wa A na wa B, pamoja na miongozo ya kusahihishia, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Hifadhi nakala zake. Hifadhi pia rekodi za sauti ulizotengeneza, azimio lako la kazi, na orodha ya wanafunzi yenye majina yao ya Kichina na ya Kiswahili, uviache vyote kwenye kabati la ofisi siku unapoondoka, pamoja na barua ya kurasa mbili kwa mwalimu atakayekufuata. Mimi nilipofika, kabati langu lilikuwa tupu, na wanafunzi wa mwaka wa pili walirudia nami mazungumzo ya sokoni waliyokwisha kuyasoma mwaka mzima.