Saa ya mkononi ndiyo iliyoniumbua

Juzi kijana mmoja wa Moshi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata kompyuta ya mtumba, prosesa mbili, viini 24 (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu), bei ya kutupa. Itafaa kwa mazoezi ya marubani?" Roho iliniuma. Kompyuta ya namna hiyohiyo niliinunua hapa Arusha kwa akiba ya miaka miwili.

Muuzaji aliniapia kwamba viini vingi ndiyo nguvu. Nikaweka X-Plane, programu ya kuigiza urushaji wa ndege, skrini tatu, mawingu tele juu ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mteja wa kwanza alikuwa rubani wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, anayejiandaa kwa mtihani wa kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege bila kuona nje. Akaelekeza ndege digrii 090, akabonyeza saa yake ya mkononi, akaanza kukata kona ya digrii 3 kwa sekunde. Dakika ikiisha unatakiwa uwe 270. Saa ikagonga sekunde 60, dira inasoma 225. Akarudia. 225 tena. Akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu: "Kaka, hapa nitajifunza makosa." Hakurudi, na wenzake aliowaahidi sikuwaona. Mpaka leo nikimwona mjini nakosa la kusema.

Usiku ule niliwasha kipimo cha fremu, yaani picha ambazo kompyuta inachora kila sekunde: 15 kwa sekunde. X-Plane ikishuka chini ya fremu kama 20, si picha tu zinazokwamakwama, inapunguza kasi ya muda wenyewe ili hesabu za ndege zisiharibike. Kwa hiyo sekunde 60 za saa yake zilikuwa 45 za ndege. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita kwenye kiini kimoja. Vile vingine vyote nilivyovilipia vilikuwa vimekaa tu.

Niliiuza kwa hasara, nikajipanga upya. Leo nina viini 8 vyenye kasi, na marubani wanakuja.

Mdogo wangu, tafuta kasi ya kiini kimoja kwanza. Kadi ya picha iwe na kumbukumbu ya kutosha, skrini tatu zinakula sana. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, usiiache, umeme wetu unaujua. Lakini kasi ya kiini kwanza, narudia. Na kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, jaza mawingu, kata kona ya digrii 180 huku ukitazama saa yako ya mkononi. Akikataa, ondoka na hela yako.