Maswali ya Wasomaji: Kauboi wa Kale na Mwendo wa Mbio

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa nikikusanya filamu za kauboi za mwanzo kabisa, zile zisizo na sauti. Nikiwaonesha wenzangu, watu na farasi huenda mbio mno hata wao huangua kicheko, na nyingine hukatika kabla ya mwisho. Je, ni ubovu wa nakala, na inafaa nizihifadhi? – Msomaji, Kikuyu, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, mbio hizo hazikukusudiwa na waliozitengeneza. Enzi zile mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde, ilhali mwendo uliozoeleka tangu filamu zilipopata sauti ni picha 24, kwa hiyo mtu aliyetembea taratibu huonekana kama anayefukuzwa na nyuki. Punguza mwendo kwenye programu ya kuchezea video hadi asilimia 75, kisha urekebishe kwa kutazama hatua za farasi. Ukifanya hivyo kwa filamu za William S. Hart, ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika uso uliotulia, utadhani umepata mwigizaji mwingine.

Kukatika ni jambo la kusikitisha zaidi. Utepe wa naitreti, aina ya plastiki iliyotumika kutengenezea filamu wakati huo, huwaka upesi na huoza hadi kuwa unga. Mwaka 1937 moto katika ghala la filamu huko Little Ferry, New Jersey, uliteketeza filamu nyingi za kampuni ya Fox, zikiwamo za Tom Mix, nyota wa filamu za kauboi. Zilizookoka kwa njia ya ajabu ni baadhi ya zile fupi za kabla ya 1912, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa haijaitambua filamu, na watengenezaji walizisajili kama picha za kawaida, zikiwa zimechapwa kwenye mabunda ya karatasi. Karatasi, ambayo huku kwetu tunaihofia mchwa, ilidumu kuliko utepe wenyewe, na baadaye ikapigwa picha upya katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mimi ningeanza kukusanya na hizo.

Basi usifute kipande cha dakika tatu kwa sababu tu hakina mwisho, maana huenda ndicho pekee kilichosalia. Andika mwaka, kampuni na mwendo uliokifaa, na uweke nakala ya pili kwenye diski nyingine, mbali na vumbi la kiangazi.