Mionzi na kemo ya saratani ya kinywa: anzeni na meno na pa kulala

Mjomba alipoambiwa saratani ya ulimi imeshafika kwenye tezi za shingo, kila aliyekuja kumpa pole alikuwa na habari ya nywele kunyonyoka. Nywele zake hazikwenda popote. Sisplatini, kemo (dawa ya kuua seli za saratani) inayotumika sana kwa saratani hii, kwa wengi haimalizi nywele. Kilichomtesa ni kumeza mate.

Saratani ya kinywa ikifika hatua hiyo, upasuaji hutangulia kama unawezekana, kisha mionzi, na kwa baadhi kemo huongezwa ili kuipa mionzi makali zaidi. Saratani isipoweza kukatwa, mionzi na kemo ndiyo tiba yenyewe. Kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6 hadi 7. Kwenye mashine ni dakika chache tu, kisha mtu anarudi anakolala, kwa hiyo mnaotoka mikoani tafuteni kwanza pa kufikia. Kuja Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa daladala kutoka Mbagala wiki ya tano, kinywa kimechubuka, ni adhabu. Na siku zisirukwe hovyo: kwenye mapengo hayo saratani hupata nafasi ya kukua tena. Akilemewa, wa kuamua apumzike ni daktari, si shemeji.

Kabla ya mionzi, muoneni daktari wa meno. Meno mabovu yang'olewe mapema na fizi zipone, maana mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri ukichokonolewa baadaye. Mjomba alilalamika kung'olewa magego "mazima". Yalikuwa yametoboka mpaka kwenye mzizi.

Kuna pia ile barakoa ya plastiki yenye matundu. Hulainishwa kwenye maji ya moto, ikavutwa usoni hadi shingoni, ikakauka kwa umbo la mtu, na kila siku mgonjwa hufungwa nayo mezani asitikisike. Anayeogopa kubanwa aseme mapema. Ndevu zinyolewe kabla ya kuitengeneza. Mionzi ikianza, wembe usipite tena shingoni.

Sasa chakula, ambako ndiko vita ilipo. Vidonda huanza wiki ya pili au ya tatu. Ukwaju, ndimu na pilipili viondoke mezani. Asukutue mara kwa mara kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, si dawa ya kusukutulia yenye alkoholi. Uji mwepesi wa maji matupu haumjengi. Tieni maziwa, karanga zilizosagwa laini, yai lililoiva likasagwa, parachichi. Dawa ya maumivu inywewe kama nusu saa kabla ya kula. Wakimwandikia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, apewe kama alivyoelekezwa. Nimeona ndugu wakiificha kabatini eti ataizoea, huku mtu analala njaa.

Mpira wa kulishia puani shangazi aliukataa akiuona ni dalili ya kifo. Mjomba akapungua mpaka suruali ikashikwa kwa kamba, ndipo ukawekwa, na akapata nguvu ya kumaliza. Mpimeni uzito kila wiki, na daktari akiutaja mpira, msibishane naye. Hata ukiwepo, kama ameruhusiwa, aendelee kumeza mafunda madogo ili koo lisisahau kazi.

Siku za kemo anywe maji kama alivyoelekezwa, sisplatini huumiza figo. Masikio yakianza kuvuma, waambieni hospitalini. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali usiku huohuo. Msisubiri siku ya kliniki.

Jambo ambalo wageni hawaelewi: mionzi ikiisha, vidonda huweza kuzidi kwa wiki moja au mbili ndipo vianze kupoa. Kwa hiyo sherehe ya kumaliza tiba, na pilau lake, isubiri. Mate hukauka kwa miezi, pengine miaka, chupa ya maji isimtoke mkononi. Taya nalo hukakamaa, afanye mazoezi ya kufungua mdomo atakayofundishwa. Na wale marafiki wanaomtembelea na kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) au sigara mfukoni, wasalimiwe getini.